Vifo vya vifaranga vya kambale: tulaumu mbegu au malezi?

Katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako vifaranga vya kambale hutafutwa kwa ajili ya mabwawa na pia kama chambo cha sangara, vifo vya mapema huzusha ubishi kati ya mfugaji anayeilaumu mbegu, yaani mayai na wazazi wake, na mzalishaji anayelaumu malezi.

Hoja ya mbegu ina msingi. Mayai yaliyokamuliwa kutoka kwa jike kabla ya kukomaa hayarutubiki vizuri. Huwa meupe, hushikwa na fangasi, na fangasi hiyo huenea hadi kwenye mayai yaliyo hai. Wazazi wa ukoo mmoja nao huweza kuzaa vifaranga dhaifu au wenye migongo iliyopinda. Hata hivyo, kasoro nyingi za aina hii huonekana mapema, kwa kuwa katika maji ya nyuzi 28 hivi mayai huanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu.

Vifo vya kuanzia siku ya nne, kwa maoni yangu, vinadai maelezo mengine. Kiini ambacho kifaranga huzaliwa nacho huisha karibu siku ya tatu, wakati tumbo lake bado halijaweza kumeng'enya vyema chakula cha unga. Anayekosa atemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi vinavyolishwa vifaranga) au vijidudu hai vingine vya majini hudhoofika kwa njaa huku unga ukioza chini ya tangi, ukiongeza amonia na kumaliza oksijeni. Wengi humwamini kambale kwa sababu akiwa mkubwa huvuta hewa juu ya maji, lakini kiungo cha kuvutia hewa hiyo hakijakua katika wiki za mwanzo. Kifaranga hutegemea oksijeni iliyo majini tu.

Atemia ni ghali, na sioni haki kumlaumu mfugaji mdogo anayeikwepa. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi humpa vijidudu kwa gharama ndogo, ila likijazwa maji mapema mno kabla ya vifaranga kuingizwa hukaliwa na vyura na viluwiluwi vya kereng'ende, ambao huwala vifaranga.

Kuna pia upungufu usioacha mizoga mizima. Kifaranga aliyewazidi wenzake humshika mwenzake mkiani, akamla hadi kichwani, na mara nyingi kichwa ndicho kinachobaki. Hapa mzalishaji anayeuza mchanganyiko wa wakubwa na wadogo hawezi kujitoa lawamani, wala mfugaji anayekaa wiki kadhaa bila kuwatenga kwa ukubwa. Dawa ya kuua bakteria, inayonunuliwa haraka mno, haitibu njaa wala kulana. Afadhali fedha hiyo inunue chujio la kutenganishia, na mzalishaji aandike tarehe ya kuanguliwa kwenye kila mfuko anaouza.