Matundu sita yanatosha: kifaa cha kumenyea waya kwa fundi wa Mombasa

Kipya kinyemi, na katika mkoba wa fundi stima kipya cha siku hizi ni koleo la kumenyea waya linalojirekebisha lenyewe. Unaingiza ncha ya waya, unabana mara moja, ganda linatoka. Hakuna kuchagua tundu, hakuna kukisia. Kando yake kile kifaa cha matundu, taya mbili bapa zenye safu ya vijitundu vilivyoandikwa namba, kinaonekana kama redio ya mbao iliyosahauliwa juu ya kabati. Karakana ya jua kali ya Changamwe au Magongo ikikaa kubuni kifaa cha kuwauzia mafundi wa mji huu, wazo la kwanza huwa ni kuiga hilo linalojirekebisha. Hoja ya kuliiga ni nzito na hapa haitapunjwa. Ila kifaa cha matundu kimehukumiwa kabla hakijasikilizwa.

Tuanze na hilo jipya. Lina jozi mbili za taya: moja hushika ganda, nyingine ina visu. Ukibana, visu huuma plastiki mpaka nguvu ya springi ifike kikomo chake, kisha jozi mbili hizo huachana na ganda huvutwa. Anayefunga bodi ya kugawia umeme ya saketi 24, kila moja ikiwa na waya wa moto (laini), wa kurudisha (nyutro) na wa ardhini (athi), ana ncha zaidi ya 70 za kumenya kabla ya jioni, na kiganja kinachobana mara moja hakichoki kama kile kinachobana, kuzungusha na kuvuta. Kwenye waya laini wa nyuzi nyingi, kama ule wa 1.5 (namba hizi za waya ni eneo la shaba kwa milimita za mraba) wenye nyuzi 30 za kipenyo cha milimita 0.25, kifaa hiki kikiwekwa vizuri huacha nyuzi zote salama, wakati tundu huweza kukata zile mbili tatu zilizokaa kombo. Mwenye kazi ya bodi kutwa nzima na alinunue, halina ubishi.

Lakini mafundi wengi wa Mombasa hawafungi bodi kutwa nzima. Wanabadilisha soketi Kongowea, wanavuta waya kwenye nyumba za kupanga Bamburi, wanafungua boksi la swichi lililozikwa kwenye ukuta wa mawe na chokaa Mji wa Kale. Waya wao ni ule ule: 1.5 ya taa, 2.5 ya soketi, 4 mara moja moja, 6 ya jiko na bafu la maji moto. Na kinachowaharibia kazi ni kovu kwenye shaba, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa sababu halionekani.

Chukua waya wa 1.5 wa uzi mmoja. Kipenyo cha shaba yake ni milimita 1.38 hivi. Kisu kikiuma upande mmoja tu kwa kina cha milimita 0.2, shaba iliyopotea pale ni kama asilimia 9, na mtu anaweza kusema si kitu. Sasa kizungushe kisu hicho hicho duara kamili, kama wanavyofanya wengi, kwa kina kile kile. Kipenyo kilichobaki ni 0.98, na eneo la shaba limeshuka hadi nusu. Nusu nzima, kwa mkwaruzo wa unene wa karatasi mbili za daftari! Hata ukiwa na mkono mwepesi na kina kikawa 0.1 tu, zaidi ya robo imekwenda. Ndiyo maana wazee wa kazi walifundisha kuchonga ganda kwa kisu kilicholala, kama unavyochonga penseli, wala si kuuzungusha waya chini ya makali. Kisu hakikuwa na kosa. Kosa ni duara.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana hoja hii huharibiwa na wanaoitetea kupita kiasi. Kovu la namna hiyo haliunguzi nyumba kwa kupasha moto peke yake. Ni fupi mno: ukinzani unaoongezwa na sehemu ya chini ya milimita moja ni kidogo sana, na joto lake hunyonywa na shaba nzima iliyo pande zote mbili. Hasara ni ya kukunjika. Kila ukisukuma swichi ndani ya boksi la kina cha milimita 35, waya hujikunja, na hukunjika pale palipo pembamba zaidi, yaani juu ya kovu. Swichi ikibadilishwa baada ya miaka minne, unakunjwa tena. Siku moja shaba inapasuka ikiwa bado imo ndani ya skrubu, ncha mbili zinagusana na kuachana, cheche zinaanza. Kikata umeme hakijui lolote, kwa sababu mkondo haujazidi. Fundi anayeitwa hukuta swichi imeyeyuka, naye huilaumu swichi.

Basi swali la kumuuliza mbunifu ni moja: ni nini kinachozuia makali yasiifikie shaba?

Kwa koleo linalojirekebisha, jibu ni springi na ugumu wa plastiki. Kuna kiskrubu cha kuongeza au kupunguza nguvu, na kikiwekwa sawa kwa plastiki ya aina moja, kazi ni safi. Shida ni kwamba plastiki haibaki ile ile. Ganda la PVC hulainika kwenye joto, na waya uliolala darini chini ya mabati msimu wa kaskazi ni laini kuliko ule uliotoka kwenye roli dukani. Likiwa laini, ganda huvutika kabla ya kukatika: ukingo unatoka na ndevu, na meno ya kushikia yanaacha alama kwenye sehemu ambayo ilipaswa kubaki nzima. Fundi anaongeza nguvu ya springi ili kuondoa ndevu, kisha anahamia waya wa ganda jembamba bila kuirudisha, na visu vinafika kwenye shaba. Ongeza chumvi ya hewa ya Pwani. Springi ndogo na pini zake hushika kutu, vidole vya taya vinaanza kukwama, na kile kilichokuwa kipimo kinakuwa kubahatisha. Springi ya namna hiyo, yenye nguvu isiyobadilika, ndiyo sehemu ngumu zaidi kwa jua kali kutengeneza. Kuiga umbo ni rahisi. Kuiga springi ni kazi nyingine.

Kwa kifaa cha matundu, kinachozuia ni umbo la chuma lenyewe. Taya zikishafungana, kingo zimekutana, na ubane kwa nguvu zako zote, tundu halipungui. Joto halilibadilishi. Kutu ya juu juu hailibadilishi. Hesabu yake inafanywa mara moja, karakanani, na si kila siku mkononi mwa fundi.

Hesabu hiyo ina mtego mmoja ambao umekipa kifaa cha matundu jina baya. Waya wa 1.5 wa uzi mmoja una shaba ya milimita 1.38, lakini wa 1.5 wenye nyuzi saba za 0.53 una upana wa nyuzi tatu zikipangana, yaani 1.59. Eneo ni lile lile, umbo ni jingine. Kifaa chenye tundu moja tu lililoandikwa "1.5" kwa vyovyote kitakosea upande mmoja: kitakwaruza ule wa nyuzi saba au kitaacha ganda kwenye ule wa uzi mmoja. Vivyo hivyo 2.5: uzi mmoja ni 1.78, nyuzi saba za 0.67 ni 2.01. Kwa 4 na 6, ambazo kwa kawaida ni za nyuzi saba, upana ni kama 2.55 na 3.12.

Tundu liwe kubwa kuliko shaba kwa milimita 0.2 hadi 0.3, ili ubaki utando wa plastiki wa 0.1 hivi kila upande, unaochanika wenyewe ukivuta. Ganda la 1.5 lina unene wa 0.7 na la 2.5 lina 0.8, kwa hiyo makali yanakuwa yameshakata sehemu kubwa. Matundu yanakuwa sita: 1.6 na 1.8 kwa 1.5, 2.0 na 2.2 kwa 2.5, 2.8 kwa 4, na 3.4 kwa 6. Hilo la 6 likae karibu na mhimili, ambako mkono una nguvu zaidi. Na hapa ndipo karakana nyingi hukwama kabla ya kuanza: seti ya bei nafuu ya biti za drili hupanda kwa nusu milimita, 1.5, 2.0, 2.5 na kuendelea. Ukitoboa 1.5 kwa waya wa nyuzi saba umetengeneza kifaa cha kukata shaba. Biti zinunuliwe moja moja kwa saizi zake.

Chuma cha springi bapa ya gari kinafaa. Kipashwe moto hadi kiwe chekundu, kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole, ndipo kitatobolewa na kupigwa tupa. Taya mbili zibanwe kwenye jiliwa, ukingo kwa ukingo, mpaka mwanga usipite kati yake, kisha tundu litobolewe juu ya mshono. Biti ikihama upande, hata kwa unywele, taya moja inapata zaidi ya nusu duara: mdomo wake ni mwembamba kuliko tundu, na midomo hiyo ndiyo itakayokata shaba. Taya hizo zitupwe. Baada ya hapo kingo zipigwe tupa kwa mshazari kutoka nje, zibaki nyembamba kwenye makali. Kisha zitiwe matiko: moto mpaka sumaku isishike na kidogo zaidi, mafuta, halafu zipashwe tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu iliyokolea itokee. Zikiachwa bila kupashwa mara ya pili, kingo zitameguka.

Mhimili uwe bolti ya milimita 6 yenye nati ya kujifunga, si ribiti. Ribiti ikilegea si rahisi kuikaza. Taya zinapishana, nusu duara mbili hazikutani, na mwenye kifaa atasema matundu hayafai.

Kuna faida moja zaidi ambayo watetezi wa kifaa hiki wenyewe huisahau, nayo kwangu inatosha kuushinda ubishi wote. Tundu ni kipimo. Kebo zenye shaba pungufu ziko sokoni, na koleo linalojirekebisha humenya waya wowote unaoupachika, halisemi neno. Tundu la 2.0 linasema. Ukiingiza shaba iliyoandikwa 2.5 ya uzi mmoja ikacheza ndani kama jino bovu, na ikapita hata kwenye 1.6, umeuziwa kitu kingine. Ni kweli kwamba kipimo rasmi cha kebo ni ukinzani, si kipenyo, kwa hiyo kebo halali inaweza kuwa nyembamba kidogo. Tundu linakupa shaka, mita ya kupimia ukinzani inakupa ushahidi: roli ya mita 100 ya 2.5 haipaswi kuzidi omu 0.741 kwa nyuzi 20 za joto, ambayo kwa nyuzi 30 ni kama 0.77. Kumbuka kutoa ukinzani wa waya za mita yenyewe, maana mita ndogo inaweza kusoma 0.3 kabla hujapima chochote. Na kwa waya wa alumini iliyopakwa shaba, kovu lina madhara mara mbili: alumini huvunjika upesi zaidi, na pale ilipofunuliwa, unyevu wa chumvi huila ikigusana na shaba.

Kasoro za matundu hakuna anayezikana. Fundi mwenye haraka atachagua tundu la jirani: 2.5 ya uzi mmoja kwenye tundu la 1.8 itakwaruzwa, kwani nafasi iliyobaki ni 0.02. Namba peke yake hazitoshi. Kila tundu lichongewe alama, nukta moja kwa uzi mmoja na nukta saba kwa nyuzi saba, inayosikika kwa kidole hata ndani ya dari lenye giza. Waya ubanwe, uzungushwe robo ili mshono usiache utando, kisha usukumwe kwa kidole gumba. Kwa 6 ganda ni gumu kuvuta, litolewe mara mbili, milimita sita kila mara. Ganda la nje la kebo bapa bado linataka kisu, au, pale waya wa athi ulipo shaba tupu, uvutwe huo upasue ganda kwa urefu.

Mishikio ivikwe plastiki kwa ajili ya kiganja tu, na mnunuzi aambiwe hivyo: kifaa ambacho hakijathibitishwa kwa kazi ya hadi volti 1,000 ni cha waya uliozimwa. Ubavuni pachorwe mistari ya milimita 8, 10 na 12, urefu unaotakiwa na skrubu nyingi za soketi na vikata umeme.

Kabla ya kuuzwa, kila tundu limenye ncha kumi za waya wake, kila ncha iangaliwe kwa lenzi, kisha ikunjwe huku na huku mpaka ivunjike. Ikivunjika pale ganda lilipoishia, na mapema kuliko kipande kilichochongwa kwa kisu kilicholala, tundu limegusa shaba. Mtihani huu ufanywe kabla ya matiko, wakati tundu bado linapanulika.