Mikimbio 108 ya Kigali

Kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ukitaja kriketi watu wanakutazama kama umeagiza juisi kwa muuza kahawa. Mazungumzo ni Coastal Union na African Sports, basi. Lakini juzi fundi cherehani mmoja, ambaye binti yake ameanza kucheza kriketi shuleni, alilileta jina la Fatuma Kibasu, mpigaji wa timu ya taifa ya wanawake, na kahawa ikapoa tukibishana.

Kisa chenyewe ni cha Juni 2019, mashindano ya kriketi ya wanawake ya Kwibuka, Kigali. Dhidi ya Mali, Tanzania ilipata mikimbio 285, ndizo pointi za kriketi, kwa kupoteza wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu ndiye aliyetolewa. Kibasu peke yake alipiga 108 na hakutolewa. Mali wakatolewa wote kwa 17.

"Mgosi, kumchapa mtoto si ubondia," alisema mzee mmoja akisogeza kikombe.

Ana hoja, tena nzito. Kwenye mashindano hayohayo Rwanda waliwatoa Mali kwa mikimbio 6. Uganda waliwapiga 314, na Prosscovia Alako akapata 116, mwenzake mmoja naye akavuka mia. Wapigaji watatu kufikisha mia kila mmoja ndani ya wiki moja, mbele ya warushaji walewale waliokuwa bado wanajifunza kuunyoosha mpira! Kibasu alifikisha mia tena mwaka 2021, 127 bila kutolewa, ila hiyo nayo ilikuwa dhidi ya Eswatini, timu changa.

Fundi hakukubali. Mpigaji hamchagui mrushaji, alisema, na hapo niko naye. Timu ina mipira 120 tu katika ova 20, kila ova mipira sita, na mpira mmoja mbaya ukiupiga kizembe unarudi kukaa benchi, awe aliyeurusha ni mgeni au mkongwe. Kuna jambo jingine ambalo kijiweni halikutajwa: ni tangu Julai 2018 tu ambapo ICC, baraza la kriketi la dunia, ilianza kuzihesabu kuwa za kimataifa mechi zote za ova 20 za wanawake kati ya nchi wanachama. Ingekuwa mwaka mmoja nyuma, mia hiyo ingebaki simulizi ya waliokuwepo uwanjani.

Kwa hiyo rekodi ni halali. Wasiwasi wangu uko kwingine. Mchezaji hukomaa kwa kukutana na watu wa kumtoa, na timu kama yetu inawapata kwa nadra. India mwaka 2023 Smriti Mandhana alinunuliwa kwenye mnada wa ligi kwa rupia milioni 34; msimu mzima anakabana na walio bora duniani, na analipwa kwa hilo.

Binti wa fundi nimemwona akicheza. Wiketi yake, vile vijiti anavyolenga mrushaji, ni kreti la soda, mpira ni wa tenisi uliokwisha manyoya, na hijabu ameibana kwa pini mbili isimwangukie machoni akiinama kupiga. Anapiga vizuri kweli. Mama yake swali lake ni moja: kutoka hapa hadi Dar ni kilomita 350 hivi, sasa nauli ya kila mchujo itatoka mfuko gani? Sikuona kijiweni mtu wa kumjibu, na mimi nikiwemo.

Fundi alipoinuka alituuliza kama kuna anayejua unapouzwa mpira wenyewe, ule wa ngozi. Huu wa tenisi, alisema, haumuumi vidole.