Shinikizo la damu la mapafu: tulaumu moshi wa kuni au moyo?

Mtu anayeishiwa pumzi kila akipanda ngazi, ambaye miguu yake huvimba ifikapo jioni ilhali presha inayopimwa mkononi ni ya kawaida, huenda ana presha ya aina nyingine kabisa. Hii ni ile ya mishipa inayochukua damu kutoka upande wa kulia wa moyo na kuipeleka mapafuni. Kwa muda mrefu wastani wa kuanzia milimita 25 za zebaki, mtu akiwa amepumzika, ndio uliohesabiwa kuwa ugonjwa; mwaka 2018 wataalamu waliokutana mjini Nice, Ufaransa, walipendekeza kuwa chochote kinachozidi 20 kihesabiwe hivyo.

Orodha za visababishi zinazosambaa kwa Kiswahili nyingi zimenakiliwa kutoka nje. Hutaja kasoro ya jeni ya BMPR2, hutaja dawa za kupunguza unene, na kwa hakika dawa ya aminorex ilizusha wimbi la ugonjwa huu Uswisi, Ujerumani na Austria katika miaka ya 1960. Hayo ni kweli, lakini mama anayepikia kuni Sengerema hakuwahi kumeza aminorex. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa kinachotuhatarisha sisi, jibu la kwanza ni moshi.

Hoja ya moshi ina nguvu. Pafu linapokosa oksijeni hubana mishipa yake ili damu iende kwenye sehemu zenye hewa nzuri. Utaratibu huo hufaa kwa muda mfupi, ila ukiendelea kwa miaka kuta za mishipa hunenepa na shinikizo hubaki juu. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dohani huharibu njia za hewa kama sigara ifanyavyo, na wanaouvuta zaidi ni wanawake pamoja na watoto wanaobebwa mgongoni. Tanzania, ambako kaya nyingi bado hupikia nishati hizo, imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mapafu ni sababu tosha ya kuunga mkono lengo hilo.

Hata hivyo, takwimu za hospitali zinaelekeza kwingine. Utafiti uitwao PAPUCO, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia wagonjwa 220 wa shinikizo hili katika nchi nne, yaani Afrika Kusini, Kameruni, Msumbiji na Nijeria. Kati ya watu wazima, asilimia 69 walipata tatizo hili kutokana na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, na asilimia 11 tu kutokana na magonjwa ya mapafu. Upande wa kushoto ukishindwa kusukuma damu au vali yake, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma, ikiziba, damu hurudi nyuma na kujazana mapafuni. Kwa msomaji wa haraka, kesi ya moshi imekwisha.

Mimi siifungi mapema hivyo. Wagonjwa hao walipatikana katika vituo vyenye wataalamu wa moyo, na kliniki ya moyo huona wagonjwa wa moyo. Bibi aliyekohoa jikoni miaka 40 akaambiwa ni uzee hafiki huko, wala hahesabiwi. Tena shinikizo lilikadiriwa kwa eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kutoka nje ya kifua, si kwa mpira mwembamba unaoingizwa hadi kwenye mshipa wenyewe, na tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa waliwachunguza watu wazima 398 wenye selimundu: eko ilitilia shaka asilimia 27, lakini kipimo cha ndani kilithibitisha asilimia 6 tu. Anayetumia takwimu za eko kudai kwamba kila mgonjwa wa selimundu au kila mpishi wa kuni yumo hatarini anajenga juu ya mchanga.

Kichocho nacho kinastahili nafasi kubwa kuliko kinavyopewa. Kile cha tumbo, kinachowasumbua wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kikishakomaza makovu kwenye ini huruhusu mayai ya minyoo wake kupita hadi mapafuni. Nchini Brazili, takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliofikia hatua hiyo alikutwa na shinikizo hili. VVU huongeza hatari pia, ingawa kwa watu wachache, karibu mmoja kati ya 200 wanaoishi na virusi hivyo.

Nikilazimika kupanga kipi kitangulie, naiweka vali mbele ya moshi, na si kwa sababu ya wingi pekee. Makovu mengi ya vali kwa vijana wetu yalianzia kwenye koo lililouma utotoni, likafuatwa na homa ya baridi yabisi ambayo haikutibiwa, na aliyekwisha kuugua homa hiyo hukingwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Jiko jipya litahitaji miaka mingi kabla faida yake haijaonekana kwenye mishipa ya mapafu. Sindano hiyo inaweza kuanza kuchomwa katika zahanati wiki hii.