Pointi za maonesho huria ziandikwe, lakini si zote

Farasi mdogo, yaani wa ile aina inayobaki fupi hata ikikomaa, amesajiliwa na anapelekwa kwenye maonesho huria: maonesho ya wilaya yanayopokea farasi wa kila aina. Anashinda. Je, chama kilichomsajili kimwandikie pointi, au ushindi wake uishie kwenye utepe na picha ya ukutani? Wafugaji wa farasi hao Marekani wanavutana juu ya swali hili, na kila upande una hoja nzito. Ninaliandika nikiwa Mwanza, ambako farasi ni wa nadra, kwa sababu sisi tunaofuga mbuzi wa maziwa huku Kanda ya Ziwa tutakutana nalo siku tutakapoanza kuandika nasaba za mbuzi wetu kwa dhati. Ni afadhali tulifikirie sasa kabla maslahi hayajaingia.

Tuanze na vyama vyenyewe. Vikubwa ni viwili. American Miniature Horse Registry, au AMHR, kilianza mwaka 1972 chini ya klabu ya farasi wa Shetland ya Marekani, ambayo yenyewe ipo tangu 1888. American Miniature Horse Association, au AMHA, kikafuata mwaka 1978 huko Texas. AMHA kinakubali farasi asiyezidi inchi 34, kama sentimita 86 hivi; punda wetu wa kubebea maji anamzidi kimo. AMHR kina madaraja mawili: A hadi inchi 34, na B kutoka hapo hadi inchi 38. Pointi hupatikana kwenye maonesho yaliyoidhinishwa na chama, mbele ya majaji wenye kibali, na zikijikusanya humpa farasi heshima inayobaki kwenye kumbukumbu zake. Heshima hiyo ina bei sokoni. Dume mwenye jina hutozwa ada kubwa zaidi ya kupandisha, na watoto wake hupata wanunuzi kabla hawajaonesha chochote.

Kwa hiyo pointi ni ushahidi unaoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo uwanjani. Wanaopinga maonesho huria wanaanzia hapo, na hoja yao ya kwanza ni kipimo.

Farasi wengine hupimwa kwenye kilele cha mabega. Mdogo hupimwa nyuma kidogo, pale nywele za mwisho za shingoni zinapoishia. Fimbo yenye mkono wa mlalo hushushwa taratibu hadi iguse mgongo, huku farasi amesimama mahali tambarare, miguu ya mbele ikiwa wima. Mshikaji akimtanua miguu kidogo tu, au farasi akiwa amezoeshwa kubonyea fimbo inapomgusa, nusu inchi inayeyuka. Kwa AMHA, nusu inchi hiyo ndiyo inayoamua kama mnyama ni wa chama au si wa chama. Sasa chukua maonesho huria ambako farasi wadogo wote wanaingia kundi moja, wa inchi 33 na wa inchi 37 pamoja, na hakuna aliyeshika fimbo. Aliyeshinda hapo ameshinda akiwa farasi wa daraja gani? Chama kikimwandikia pointi, kinatia saini jambo ambalo hakikuliona.

Hoja ya pili ni jaji. Anayehukumu farasi wa aina zote anajua mguu mzuri na mgongo mzuri, lakini anaweza asijue kile ambacho wafugaji wa aina hii wamekuwa wakikitafuta kwa miongo: farasi kamili mwenye uwiano wa farasi mkubwa, aliyepunguzwa kimo tu. Ya tatu ni idadi. Chama cha farasi wa aina ya Quarter Horse cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1940, hutoa pointi kwa kuangalia ni farasi wangapi walioingia kwenye kundi, kwa sababu kushinda kati ya wawili si sawa na kushinda kati ya ishirini. Kwenye maonesho madogo, majirani watatu wanaweza kupanga kundi lao, wakapeana zamu ya kushinda, na wote wakarudi nyumbani na pointi. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kuna na hoja ya fedha: maonesho ya chama yanaendeshwa kwa ada za washiriki, na pointi zikipatikana karibu na nyumbani kwa bei ndogo, maonesho hayo yatakosa watu. Hii hainishawishi sana. Kama maonesho yanaishi kwa sababu tu yameshika funguo za pointi, yana tatizo jingine.

Upande wa pili ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa nimeishi na tatizo lake. Pointi zinazopatikana mahali pachache hupima mfuko wa mwenye mnyama kabla ya kumpima mnyama. Kule kwao ni mafuta, gari la kukokota farasi, banda la kukodi na ujira wa mkufunzi. Kwetu tazama ramani ya ziwa. Uwanja wa Nane Nane wa kanda uko Nyamhongolo, Ilemela, na unahudumia Mwanza, Geita na Kagera. Mfugaji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, lazima avuke maji na mbuzi wake. Wa Bukoba ana safari ya usiku kwenye MV Victoria au barabara ya siku nzima. Wa Geita amepata nafuu kubwa tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Kabla ya hapo naye alikuwa akipanga foleni ya kivuko. Tukisema ni Nyamhongolo peke yake inayohesabika, daftari letu litajaa mbuzi wa Ilemela na Nyamagana, na mtu atakayelisoma miaka kumi baadaye ataamini kwamba Ukerewe hakukuwa na mbuzi mzuri.

Hilo si suala la haki kwa wafugaji tu, linaingia hadi kwenye damu ya wanyama. Farasi wadogo wana tatizo la udumavu wa kurithi, unaotokana na hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho ACAN. Mnyama mwenye nakala moja mbovu huonekana mzima kabisa, na anaweza kushinda utepe wa kwanza popote. Akipandishwa na mwenzake aliye hivyo hivyo, mtoto anaweza kurithi nakala mbili, akazaliwa na viungo vilivyopinda na taya zisizokutana, au asizaliwe hai. Kila mtu akikimbilia madume wachache wenye pointi, na mmoja wao akawa amebeba kasoro hiyo kwa siri, anaisambaza nchi nzima kwa heshima zote. Dawa yake ni kupima vinasaba, na kipimo kipo. Lakini daftari linalowaona wanyama wengi kutoka sehemu nyingi linawapa wafugaji madume wengi wa kuchagua, na hiyo nayo ni kinga.

Nikizipima hoja hizi, naona watu wanagombana kwa sababu wamefunga vitu viwili kwenye furushi moja. Farasi wadogo hushindanishwa kwa umbo, wakiwa wameshikwa kamba na kusimamishwa mbele ya jaji. Hushindanishwa pia kwa kazi: kuvuta kigari, kuruka vizuizi huku mtu akikimbia kando yao, kupita kwenye njia yenye mitego. Umbo la aina fulani linahitaji jicho lililofunzwa kwa aina hiyo. Kazi haihitaji. Kizuizi kimeanguka au hakikuanguka, na mtu yeyote makini anaweza kuandika. Tena farasi wa inchi 33 anayevuta kigari vizuri mbele ya poni wakubwa amefanya jambo gumu kuliko yule aliyeshindana na wenzake tu. Chama cha farasi wa Paint Marekani kimekuwa na mpango wa kuwatambua farasi wake wanaoshindana nje ya maonesho ya chama, na sijaona kwamba umeharibu jina la Paint.

Wasukuma wana mfano ulio wazi wa jambo hili. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bulabo, makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Umati ni jaji halali pale, kwa sababu kazi ya ngoma ile ni kuvuta watu. Huwezi kumpa umati huo huo kazi ya kuamua kama mbuzi ana umbo la Toggenburg, aina mojawapo ya mbuzi wa maziwa.

Kwa mbuzi wa maziwa, basi, umbo lihukumiwe na mtu anayejua aina, na pointi zake zitoke hapo tu. Maziwa yahesabiwe popote yalipopimwa sawasawa. Nasema sawasawa kwa sababu mfugaji yeyote anaijua hila ya kumwacha mbuzi bila kukamuliwa tangu jana ili kiwele kijae na kung'aa siku ya maonesho. Jaji anaona puto, mbuzi anaumia. Hila hiyo inakufa mbuzi akikamuliwa hadi mwisho jioni mbele ya msimamizi, kisha maziwa ya asubuhi na ya jioni inayofuata yakawekwa kwenye mizani. Saa ishirini na nne, mikamuo miwili, namba moja. Hilo linaweza kufanyika kwenye maonesho ya kata, kwenye uwanja wa shule ya Nansio, au nyumbani kwa mfugaji.

Namba hiyo isichanganywe na pointi za umbo. Iwekwe safu yake, na kando yake iandikwe tarehe, mahali, mbuzi wangapi walishindana, nani alisimamia, na namba ya heleni. Bila heleni hakuna cha kuandika, maana mbuzi weupe wawili wanafanana na mwenye nia mbaya atakuletea yule mwenye maziwa mengi. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo tunayo tangu 2010. Kinachokosekana ni mfugaji kuona faida ya namba ile sikioni mwa mnyama wake, na safu hii ingempa faida hiyo.

Wanaosema maonesho madogo hayaaminiki wana haki ya kudai mpimaji aliyefunzwa awepo. Nakubaliana nao kabisa. Ila nauli ya mpimaji kwenda Ukerewe ilipwe na chama kutoka kwenye ada za usajili za wafugaji wote, wa mjini wakiwemo, isiwekwe juu ya mwenye mbuzi wawili wa Nansio.