Bustani ya Brooklyn ilianzia kwenye vikao. Pwani yetu je?

Jumamosi nikishanunua bizari na tende kwa maduka ya Waarabu pale Atlantic Avenue, sirudi nyumbani moja kwa moja. Huteremka na barabara hiyo hiyo hadi inapoishia majini, kwenye gati namba 6, nikakaa. Ng'ambo ni Manhattan. Huku kwetu watoto wanacheza mpira, na kwenye gati la jirani watu wa kila kabila wanachoma nyama. Hakuna kiingilio, na hakuna askari wa kukuuliza umetoka wapi. Nina miaka kumi na moja Brooklyn, na kila nikikaa hapo moyo hunirudisha Lighthouse, Mombasa, saa ya magharibi, meli kubwa ikiingia mlango wa Kilindini karibu mno utadhani utaigusa, na mama wa mihogo anakukamulia ndimu juu ya pilipili.

Hapo ni ndani ya bustani ya umma, Brooklyn Bridge Park, na kwa muda mrefu niliamini kwamba imeletwa na utajiri wa Marekani. Sivyo. Ililetwa na majirani.

Magati haya yalikuwa ya mizigo. Mwaka 1983 mamlaka ya bandari ilifunga shughuli za shehena hapa, na mwaka uliofuata ikatangaza nia ya kuyauza ili yajengwe kibiashara. Watu wa Brooklyn Heights, mtaa ulio juu ya kilima, wakakataa. Lakini hawakuishia kukataa. Walikuja na lao: eneo lote liwe bustani ya umma. Wakaungana na mitaa ya jirani, wakawafuata wabunge, magavana na mameya, mmoja akiondoka wanaanza upya na mwingine. Ilikuwa 2002 ndipo gavana George Pataki na meya Michael Bloomberg walipotia saini makubaliano kwamba angalau asilimia 80 ya eneo lile iwe bustani. Gati la kwanza likafunguliwa 2010. Hesabu mwenyewe: tangu 1984 hadi hapo ni miaka 26. Kuna waliokwenda kwenye vikao vya mwanzo na watoto mgongoni, na kuna waliokufa bila kukanyaga nyasi zake. Kipande cha mwisho, chini ya Daraja la Brooklyn lenyewe, kilikamilika 2021. Leo ni ekari 85, zaidi ya kilomita 2 za ukingo wa maji.

Niliwahi kwenda kwenye kikao cha bodi ya mtaa. Jiji la New York lina bodi 59 za namna hii, kila moja na wajumbe hadi 50 wasiolipwa hata senti, na mkazi yeyote anaweza kusimama akasema. Kauli yao haimfungi meya. Ni ushauri tu. Karibu jioni nzima tulizungumzia taa, vyoo na mahali pa kufungia baiskeli. Nilisinzia kidogo. Lakini nikirudi kwenye treni nikagundua kilichonigusa: kazi iliyokuwa ikijadiliwa ilikuwa bado haijaanza. Hakuna mabati yaliyokwisha kupigwa, hakuna tingatinga lililokwisha kuegeshwa. Kwetu nimezoea kuitwa barazani kuarifiwa jambo lililokwisha kuamuliwa, tunapewa soda, tunasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo inayoitwa maoni ya wananchi.

Sisemi huku ni peponi. Nguzo za magati haya huliwa na wadudu wa baharini, wale wale wanaowafanya mafundi wetu wayapake majahazi deheni, na matengenezo yake yanamaliza fedha. Hivyo ikaamuliwa bustani ijilipie kwa kodi ya maghorofa na hoteli iliyojengwa pembeni mwake. Wakazi waligombana sana juu ya hilo, wakaenda mahakamani kuzuia minara miwili hapa gati namba 6, na 2018 wakashindwa. Nawaunga mkono hata kwa kushindwa kwao. Mtu wa kipato changu hawezi kupanga hata chumba kimoja karibu na hapa. Mimi huja kwa treni kutoka Flatbush.

Sasa Mombasa. Mama Ngina, barabara ya ufukweni pale Lighthouse ambayo wazee bado wanaiita Azania Drive, ilitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyika pale. Nilipokuja likizo nilifurahi: viti, njia za kutembea, mibuyu bado imesimama. Napenda kupaona pamependeza. Lakini kila niliyemuuliza mtaani, wa Ganjoni na wa Likoni, alisema alijua habari ya mradi alipoona uzio. Na upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa, kile kijia tulichoteremkia pwani tukiwa wadogo, ndoo ya kaa mkononi, leo ni ukuta wenye chupa juu. Nilisimama pale na mwanangu nikashindwa la kumwambia.

Wenyewe tuna silaha ambayo jirani zangu wa Brooklyn hawakuwa nayo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Na asiniambie mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, wakamtukana hadi bungeni, na jumba halikujengwa.

Ninachowaomba ndugu zangu ni kitu kidogo kinachochosha. Vijia vya kuteremkia baharini viandikwe kimoja kimoja, kwa majina tuliyoviita, wazee waseme vilipita wapi, na orodha ipelekwe kaunti kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, kabla ramani nyingine haijachorwa. Mdogo wangu ameshaanza. Ana daftari la shule la kurasa 96, na jioni baada ya isha huketi na wazee barazani akiwauliza. Cha kwanza kukiandika ni kile chetu, chenye ukuta.