Diski nne, na nusu inayodhaniwa kupotea

Mwenye diski nne za terabaiti 4 kwenye seva ya nyumbani, akitumia ZFS, mfumo wa mafaili unaounganisha diski nyingi, hufika njia panda mapema: azipange jozi mbili za diski pacha, kila moja nakala ya mwenzake, apate terabaiti 8, au RAIDZ1, inayotawanya data kwenye diski zote pamoja na pariti (taarifa ya kurejeshea data diski moja ikifa), apate 12? Wengi hawasiti, huchukua RAIDZ1. Pacha zinaonekana kula nusu ya diski bure.

Kwa mafaili makubwa, wengi hao wako sahihi. Filamu na picha RAIDZ huzibeba vizuri. Tena RAIDZ2, yenye pariti mbili, huhimili kufa kwa diski zozote mbili. Pacha haziahidi hivyo, kwani zikifa mbili za jozi moja, data yote imekwenda. Hoja hiyo ni nzito.

Lakini mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva, huandika vipande vidogo vidogo, na hapo ndipo terabaiti 12 zinapoyeyuka. Chukua bloku moja (kipande ambacho ZFS huandika kwa mkupuo) ya kilobaiti 8 kwenye diski zenye sekta, yaani vipimo vidogo kabisa vya kuandikia, za kilobaiti 4. Data inachukua sekta mbili, pariti moja, jumla tatu. RAIDZ1 hutenga sekta kwa namba shufwa tu, hivyo inaongeza moja tupu. Nne! Umeandika kilobaiti 8, diski zimetoa 16. Ni nusu ileile uliyoikimbia, na kasi ya pacha hukuipata. Bloku ya kilobaiti 8 ndiyo ilikuwa chaguo-msingi la diski pepe, yaani diski ya mashine pepe, hadi toleo la ZFS liitwalo OpenZFS 2.2 la mwaka 2023 ilipopandisha hadi 16. Hata kwa 16, diski hizo nne zinakupa theluthi mbili, kama terabaiti 10.7. Na diski pepe ya zamani haijirekebishi: ukubwa wa bloku huwekwa siku ya kuiunda, basi.

Kontena, mazingira mepesi ya kuendeshea programu bila mashine pepe kamili, husalimika kiasi, maana kwenye Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe na kontena, hukaa moja kwa moja ndani ya mfumo wa mafaili wa ZFS, ambako bloku kwa chaguo-msingi hufika kilobaiti 128.

Halafu kuna kasi. Kwa uandikaji wa vipande vidogo hapa na pale, kundi la RAIDZ hukimbia takriban kama diski moja; jozi mbili hugawana kazi. Diski ikifa, mpya hunakili kutoka kwa pacha wake tu, ilhali RAIDZ1 hulazimika kuzisoma zote tatu zilizobaki.

Mwenye diski nne na mashine pepe nyingi kuliko filamu, ningemwambia achukue pacha. Chelezo (nakala za akiba) aziweke nje ya seva hiyo, kwa sababu si pacha wala pariti itakayomrudishia faili alilolifuta mwenyewe.