Sampuli Imo Shatini

Nikiwaambia watu nasomea magonjwa ya ndege wa porini, swali huwa moja tu: "Sasa kuku wangu wenye kideri utakuja kuwaona lini?" Hakuna anayeuliza habari za tumbusi. Wangeuliza, ningewasimulia ya shati langu.

Nilikuwa mazoezini katika hospitali moja ya wanyamapori, huku Bonde la Ufa. Akaletwa tumbusi kutoka pande za Mara: shingo imelegea, miguu haimbebi, kifuko cha kooni kimejaa nyama. Tukahisi ni mzoga uliotiwa sumu ya kuulia wadudu. Mfugaji humtegea simba aliyemlia ng'ombe, lakini tumbusi ndio hufika kwanza mezani.

Daktari, mama mpole asiyepandisha sauti, akaniambia, "Shika kichwa. Miguu yake haina nguvu, mdomo ndio panga." Aproni zote zilikuwa kambani, bado mbichi. Nikashika kichwa, tena barabara.

Ila tumbusi akiogopa hutapika, apunguze mzigo aweze kuruka.

Akaupunguza. Wote. Kifuani pangu.

Tumbo la ndege huyu lina asidi kali. Hula mzoga wa kimeta asiugue. Sasa wewe piga picha nyama iliyooza, ikaonja asidi hiyo, kisha ikarudi. Machozi yalinitoka. Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Usiguse!" Daktari akapiga kelele. Nikadhani anaihurumia ngozi yangu. Kumbe! "Hiyo ni sampuli, kijana. Na usihemeheme, itamwagika."

Nikasimama mikono juu kama mwizi aliyefumaniwa, naye akinikwangua kwa kijiko, polepole, akitia chupani. Mzee anayelisha ndege akaja na tochi, akamulika mfuko wa shati: "Daktari, na huku imebaki kidogo." Wenzetu walikuwa wameshamdunga tumbusi atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Shingo ikaanza kuinuka, akawa anatutazama.

"Na shati vua," Daktari akasema. "Limefyonza."

Likafungwa, likabandikwa namba, likaingia friza pamoja na panya wa kulishia bundi. Fomu ya maabara ilikuwa na mstari: *Sampuli imetolewa wapi?* Daktari akafikiri kidogo, akaandika: "Mwanafunzi, kifuani, upande wa kushoto."

Wiki iliyofuata maabara wakapiga simu. Walitaka kujua mwanafunzi huyo alifariki lini.